Mnara wa Mtama wa Sultani Ghalibu

Katika mji wa Kaswara, kabla mchanga haujaufunika, alitawala Sultani Ghalibu bin Muntasiri, mtu mwenye jeshi na jaha na kiburi, na mtunza ghala lake alikuwa Shaddadi, aliyevaa pete iliyomfunga jini Zamzari amtumikie. Kwa amri ya Sultani, jini huyo alijenga kwa siku moja mnara wa mawe wenye kimo cha minazi sita, mpana juu na mwembamba chini, na akachora ukutani jina la Sultani kwa dhahabu, na mnara ukajazwa mtama hadi juu, ili siku ya njaa ufunguliwe mlango mdogo wa chini na nafaka ishuke yenyewe.

Njaa ikaja mwaka wa tatu. Mlango ukafunguliwa mbele ya umati, mtama ukamiminika ukajirundika kama kichuguu, vikajaa vikapu arobaini, kisha ukakoma. Watu wakaingiza fimbo, wakagonga, wakalia. Hata punje haikudondoka.

Shaddadi akajitenga akaisugua pete, na Zamzari akatokea.

"Ewe bwana wangu," akasema jini, "masika yalipenya, mtama ukashika unyevu, na punje zimeegemeana zikajifunga kuba kama la msikiti. Juu utaona nafaka imetulia, lakini chini yake pana uwazi wa kumeza nyumba. Atakayeikanyaga atazama nayo. Niamrishe nitoboe ukuta, mtama utoke ubavuni, asidhurike mtu."

Shaddadi akaenda barazani, akainama, akaomba ruhusa ya kutoboa.

"Jina langu litobolewe kama kapu bovu?" akafoka Sultani. "Wallahi, atakayeugusa ukuta nitamkata kichwa. Nawe ukiiteremsha nafaka bila kuugusa, nitakuoza binti yangu Durra na nitakufanya waziri."

Shaddadi alikuwa bado hajataja habari ya kuba. Hakuitaja.

Wakamfuata hadi mnarani, Sultani na watumishi wake, na hapo akajitokeza Idarusi, mchukuzi wa mizigo, ndugu yake Shaddadi tumbo moja.

"Kaka, nipe fimbo ndefu, nipande mnara niuchokoe mtama kwa juu," akasema. "Wanangu wanachemshiwa majani tangu Ijumaa. Lakini wewe ndiye uujuaye mtama. Nikanyage?"

Shaddadi akamtazama Sultani, na Sultani alikuwa anamtazama yeye.

"Kanyaga, mdogo wangu," akasema.

Idarusi akapanda, akasimama juu ya mtama, akauchokoa kwa fimbo mara mbili. Mtama ukanguruma, ukafunguka katikati, na yeye akashuka nao hadi kiunoni, hadi mabegani, akiita, "Kaka! Kaka!" na huku chini nafaka ikabubujika mlangoni na watu wakapiga vigelegele kwa furaha, hata sauti yake haikusikika ila na mtu mmoja.

Mji ukala siku nne. Siku ya tano mtama ukakoma tena, maana maiti ya Idarusi ilikuwa imefika mlangoni na haikuweza kupita.

Sultani alipopashwa habari akapunga mkono. "Toboeni ukuta," akasema. "Harusi ya binti yangu haiwezi kukosa mikate."

Mafundi wakatoboa kwa nyundo, kazi ya asubuhi moja tu, na mtama wote ukatoka.

Shaddadi akaozwa Durra kwa ngoma na uvumba, akapewa kilemba cha uwaziri na nyumba ya marumaru. Siku ya harusi Zamzari akamtokea, akamwambia, "Mimi nafungwa na pete. Wewe ulifungwa na nini?" Shaddadi akaletewa mkate wa mtama, bado wa moto, na watu wote wakimtazama, akaumega, akala.

Hiyo ndiyo habari ya Kaswara, enyi mnaosikiliza. Aliyejua akanyamaza alipata yote aliyoahidiwa, na mjane wa Idarusi, kila Shaddadi alipompelekea kapu la nafaka, yeye alilimwaga nje ya mlango wake, wanawe wakitazama.