Nguruwe wa Yalume

Mtu mmoja alikuwa na nguruwe saba, au ndivyo alivyozoea kusema. Jina lake Kondape, wa milima ya Papua Guinea Mpya, huko ambako ukungu hautoki shambani mpaka saa nne, na mwanamume asiye na nguruwe haoi. Huyu alishaoa. Mkewe, Yalume, ndiye aliyelima viazi vitamu vya kuwalisha, ndiye aliyelala nao nyumba moja wakati wa baridi. Yule mdogo kuliko wote, aliyekataliwa na mama yake, alimbeba mgongoni katika mkoba wa kamba na kumtafunia viazi kama mtoto wa kumzaa. Kondape alikaa nyumba ya wanaume, akihutubia.

Nguruwe hao Yalume aliwafuga ili kijana wao, Tege, apate kuoa. Alimwambia mumewe hivyo mbele ya watu, na mumewe akaitikia. Halafu Kondape akaona binti wa ng'ambo ya bonde, kichwa chake kikasahau kuwa kina mvi.

Siku ya kumtolea binti huyo mahari wakwe wakaja, wakaketi uwanjani. Kondape akajipaka mafuta, akavaa manyoya ya ndege kichwani, akasema maneno mengi. Sasa, kijiji hicho kilikuwa na desturi yake: nguruwe wa mahari hawavutwi kwa kamba. Hufunguliwa, mtoaji akatangulia akiwaita, nao wakamfuata mpaka miguuni pa wakwe. Ndivyo watu walivyojua mali ni ya nani.

Akawafungua. Akaita. Nguruwe wakaendelea kufukua udongo. Akaita tena kwa sauti ya hotuba. Mmoja akainua pua, akamtazama, akarudi kwenye shughuli yake. Vijana wakashikwa na kikohozi, kile cha kuficha kicheko.

"Mama Tege!" Kondape akanguruma. "Njoo uwaite!"

Yalume alikuwa amesimama ukingoni mwa shamba, mti wa kuchimbia mkononi. Alijua kwamba akiita mara moja tu, mwanawe hataoa. Hakulia wala hakutukana.

"Si umesema ni wako, Baba Tege? Waite. Wako anakujua."

Kisha akageuka kwenda kuchimba viazi, maana saa ya kuwalisha ilikuwa imefika. Hakuita. Saba wote wakamfuata, yule mdogo akiwa mbele.

Mama wa binti, kikongwe asiye na jino hata moja, akainuka na kujipangusa vumbi. "Mkwe," akasema, "na hayo manyoya ni yako, au nayo yana mwenyewe?" Akamshika binti yake mkono, wakarudi kwao kabla mvua haijashuka.

Mwaka uliofuata Tege alioa. Aliyetangulia mbele ya nguruwe alikuwa mama yake, na hakuna mtu aliyeuliza desturi imemruhusu lini mwanamke kutangulia.

Mnamcheka Kondape. Haya, chekeni, halafu mrudi makwenu. Na wewe unayesema nyumba yangu, shamba langu, watoto wangu: siku utakaposimama uwanjani ukaita, ni nani atakayeinua kichwa?