Digidigi Atafuta wa Badala

Hapo zamani za kale, wanangu, kabla miguu ya akina Digidigi haijakonda ikawa kama njiti, alikuwapo Digidigi mmoja mvuta mkokoteni. Mnacheka? Haya, chekeni. Lakini miguu hiyo mnayoicheka ilikondeshwa na mbio za vifurushi vya watu.

Vifurushi vilikuwa vya kampuni ya Bwana Nyati. Siku ya kwanza Nyati alimkumbatia Digidigi mpaka mbavu zikalia kwa! Akamwambia, "Ndugu yangu, hapa hakuna mtumishi. Wewe ni bosi wa nafsi yako!"

"Mimi? Bosi?" Digidigi akachangamka, pua ikamcheza.

"Bosi kabisa! Mkokoteni wako, gurudumu lako, jasho lako. Likivunjika, shauri yako. Ukiumwa, shauri yako. Mimi simo."

Basi bosi mpya akavalishwa kofia nyekundu ya kampuni. Akaonyeshwa njia ya kupita, akakatazwa nyingine zote. Baragumu likilia, puuu! aje mbio. Mwenye kifurushi akikosekana kwake, atafutwe popote alipo, kwani mzigo haulali. Na juu ya mkokoteni akawekwa Chiriku, ndege mwenye mdomo usiojua kufungwa.

"Mvaa kofia akisimama," Nyati akamwagiza, "piga kelele msitu mzima usikie!"

Maskini Digidigi! Akiinama kunywa maji: "Kasimama! Kasimama!" Akichomoa mwiba: "Kasimama!" Akitaka tu kumwamkia bibi yake aliyekutana naye njiani: "Kasimama jamani, tena anacheka!" Hata usingizini miguu ilimtimka, tifu tifu tifu, mpaka mkewe akahamia mkekani.

Ikafika siku ya kumtoa mwanawe nje. Desturi ya akina Digidigi ilikuwa hivi: siku mtoto anapotolewa kuliona jua, baba humnong'oneza jina sikioni kabla jua halijazama. Baba asipokuwapo, mjomba ndiye hutoa jina. Na mjomba wa mtoto huyu, yaani shemeji yake Digidigi, alikuwa na ulimi wa upupu.

"Baba yake asipokuja leo," shemeji alitangaza mbele ya wageni, "mtoto nitamwita Sijamwona. Kwani huyo baba nani kamwona?"

Wageni hoi kwa kicheko. Jirani yao wa mlimani, Kifaru, aliyefika tangu asubuhi na kuijaza baraza nzima peke yake, alicheka mpaka nguzo zikatikisika. Digidigi hakucheka. Mwanawe wa kwanza, aitwe Sijamwona! Alitamani kulia.

Na hapo hapo, puuu! Baragumu.

Akafika kwa Nyati anahema. Sanduku lilikuwa tayari mkokotenini, zito ajabu. "La Kifaru hilo," akasema Nyati. "Lipande mlima hadi kwake."

"Bwana Nyati, shikamoo. Leo namtoa mwanangu nje. Naomba ruhusa."

"Ruhusa?" Nyati akacheka, ho ho ho! "Ruhusa huomba mtumishi. Wewe ni bosi! Nenda utakako."

"Ahsante sana, bwana!"

"Lakini ukienda, kesho usirudi. Au tafuta wa badala avute. Mimi simo."

Digidigi akaushika mkokoteni akaondoka, huku akiliangalia jua. Wa badala! Nani mwenye akili zake angekubali? Akahesabu ndugu, akahesabu marafiki. Wote wadogo kama yeye, na sanduku lile lingewabandika ardhini. Anahitajika mwenye nguvu. Mwenye nguvu na kiburi.

Alipokata kona ya kwanza, Digidigi akasimama makusudi.

"Kasimama!" Chiriku akapaza sauti.

"Nisisimame kwa furaha hii?" Digidigi akarukaruka. "Kifaru kaapa! Atakayemfikishia sanduku hili kwa mkono wake, kuanzia kesho ndiye atakayetangulia mtoni. Wote watampisha. Hata Nyati atakunywa matope yangu!"

Chiriku gani angekaa na neno kama hilo? "Kasimama! Anarukaruka! Akimfikishia Kifaru sanduku, atatangulia mtoni! Nyati atakunywa matope yake!"

Msitu mzima ukasikia. Mara ardhi ikatetemeka, gudu gudu gudu! Nyati huyo, macho mekundu.

"Nani anywe matope ya nani? Lete hapa mkokoteni!"

"Hapana, bwana. Kazi hii ni ya mvaa kofia, ndiyo sheria yako."

Nyati akampokonya kofia, akaisukumiza kichwani mwake kwa nguvu zake zote, ikanasa kwenye pembe. "Haya! Nani mvaa kofia sasa?"

"Ni wewe, bwana. Safari njema," akasema Digidigi, na kabla vumbi halijatua hakuonekana tena.

Nyati akavuta. Mlima ni mlima, wanangu. Akasimama apumue.

"Kasimama!"

"Nyamaza wewe, ni mimi!"

"Mvaa kofia akisimama nipige kelele. Kasimama! Tena anahema!"

Akakokota hadi juu, ulimi nje. "Hodi! Hodi!" Sauti ya mke wa Kifaru ikajibu kutoka ndani, "Mwenyewe hayupo! Yuko kwa Digidigi anakula karamu!"

"Mzigo haulali!" Chiriku akamkumbusha. "Mtafute alipo! Kasimama!"

Kule nyumbani, jua lilikuwa limebaki kipande. Shemeji amekwisha kumpakata mtoto, ameshafungua kinywa: "Si..."

"Nipe mwanangu!" Digidigi akapita katikati ya miguu ya wageni, akamchukua, akamnong'oneza sikioni: "Tulizo. Wewe ni Tulizo. Na mimi ndiye baba yako." Vigelegele vikapigwa, na machozi yakamtoka Digidigi mbele ya watu bila haya.

Ndipo Nyati akaingia uani na mkokoteni, kofia nyekundu upande.

"Ndilo hilo jiwe langu la kujikunia!" Kifaru akapiga kelele. "Lete upesi, mgongo unaniwasha!"

"Na mtoni?" Nyati akauliza. "Nitatangulia?"

"Mtoni kuna nini?" Kifaru akashangaa.

Nyati akamgeukia Digidigi. "Mwongo! Umeiacha kazi yangu!"

"Sikuiacha, bwana. Uliniambia nitafute wa badala. Nimemtafuta, nimempata, na kazi ameiweza."

Nyati alifungua kinywa ajibu, lakini Chiriku akamuwahi: "Kasimama! Kasimama! Kasimama!" Wageni wakageuka kumtazama. Nyati akaivuta kofia, haitoki. Kwa aibu akaushika tena mkokoteni, akaanza kuzunguka ua. Akipunguza mwendo tu, "Kasimama!" na yeye huyo, mbio. Digidigi akakaa chini na Tulizo mapajani, akamwangalia anavyopita na kupita tena.

Nami hapo ndipo nilipowaacha, mmoja kaketi na mmoja anazunguka: sheria ya kumtungia mwenzio, ivae kwanza wewe.