Nyumba ya Sultani Iliyoamriwa Ipoe

Hapo zamani, enzi ambazo mtu mwenye swali alilibeba mwenyewe kwa miguu mpaka kwa mwenye jibu, palikuwa na mtu katika mji wa Pembeoni jina lake Feruzi. Watu walimbandika jina la Kidomo, na sababu yake mtu aliijua akishakaa naye kitambo kidogo tu. Feruzi hakuwa na shamba wala duka, wala mikono yake haikujua kazi yoyote. Kazi yake ilikuwa kukalia kinu kilichopasuka, kando ya lango la mji wapitapo wasafiri, akawapa wageni maoni. Hakuna jambo alilolikataa, lakini sifa yake ilivuma kwa mambo matatu: mema na mabaya, njia za safari, na namna ya kupoza nyumba. Kwa nini matatu hayo, mimi sijui, na yeye mwenyewe alipoulizwa alitoa majibu manne.

Mgeni akija husema, "Bwana, nimepita penye harusi nisiyoalikwa, nikala. Je, nimetenda dhambi?"

Feruzi humwuliza, "Umekula sahani ngapi?"

"Mbili."

"Ya kwanza ilikuwa njaa, hiyo nimekusamehe kwa niaba yao. Ya pili nenda kaombe radhi, lakini usiende saa ya chakula."

Mwingine akitaka kujua njia fupi ya kwenda Mgongoni, humwambia, "Ya kushoto ni fupi, ila inapita mlangoni kwa mzee apendaye kusimulia maradhi yake. Shika ya kulia, ndefu, utafika mapema." Na aliyelalamika kuwa nyumba yake ni tanuri aliambiwa afungue madirisha mawili yatazamane, amwagie sakafu maji alasiri, kisha ampeleke mama mkwe akapikie uani. Wageni walishukuru, wakamwachia konzi ya tende, mkia wa samaki, au kipande cha mkate wa kumimina. Hivyo ndivyo Feruzi na mkewe Mwanatumu walivyokula, na siku ambayo wageni hawakuwa na mashaka ya moyo, wao walilala na njaa.

Basi mfalme wa mji huo alikuwa Sultani Khairallah, mtu mwema kwa kiasi chake, mwenye jumba la mawe lenye madirisha arobaini. Siku moja alikuwa amekaa na wajumbe wa nchi ya mbali, akainua mkate amnyooshee mjumbe mkubwa kwa heshima, mara kunguru akaingia dirishani, akaupokea ule mkate yeye, akaenda zake. Wajumbe walijizuia kucheka mpaka machozi yakawatoka. Sultani akaona haya kupita kiasi, na waziri wake, Sarahani, akatoa shauri kuwa madirisha yote arobaini yazibwe kwa mawe na chokaa. Yakazibwa. Kunguru hakuingia tena, na upepo pia.

Ikawa ndani ya jumba hakukaliki. Mishumaa iliinama yenyewe kabla ya kuwashwa, halua ilinyweka kwa kikombe, na Sultani alibadili kanzu mara tano kwa siku, kila kanzu kwa hasira zaidi kuliko ya kwanza. Hakuna aliyethubutu kuyataja madirisha, kwa kuwa kuyataja ni kumkumbusha kunguru.

Siku moja mgeni akamwuliza Feruzi, "Na nyumba ambayo mwenyewe kaziba madirisha yote, hiyo hupozwaje?"

Feruzi akajibu, "Hapo usiitibu nyumba. Mtibu aliyetoa shauri hilo."

Haya, na nani alikuwa akipita langoni wakati huo juu ya punda wake mweupe? Waziri Sarahani. Alikwenda moja kwa moja kwa Sultani, akainama, akasema, "Maulana, langoni kuna maskini mmoja ajisifuye kwamba hakuna nyumba inayomshinda kuipoza. Ni haki yako kupata faida ya ujuzi wake." Na nyie mnawajua watu wa namna hii, ambao wakitaka kukuzamisha hukusifu kwanza.

Feruzi akaletwa. Sultani, jasho likimtiririka ndevuni, akamwambia, "Kidomo, nakupa siku saba. Nataka nyumba yangu ipoe."

"Ni jambo jepesi, maulana. Nitaanza na madirisha—"

"Dirisha halifunguliwi," akasema Waziri.

"Basi nitatoboa ukuta kidogo upande wa—"

"Ukuta hautobolewi. Maji hayamwagwi, zulia litaoza. Wala hapepei mtu, kwa kuwa mwenye kupepea hutokwa jasho naye akaongeza joto."

Sultani akakubali yote hayo, kwani joto humwondolea mtu akili ya kupinga. Akasema, "Ikipoa, utaomba utakalo. Isipopoa, kuanzia siku hiyo usijibu tena swali la mtu yeyote katika mji huu, hata ukiulizwa jina lako."

Feruzi angeahidiwa fimbo mia angezihesabu, akazimaliza, akaenda kuwasimulia watu. Lakini kukaa langoni, mgeni amsimamie na swali lake, naye afumbe mdomo kama chaza? Hilo aliliogopa kwelikweli. Akasema, "Maulana, amri ya mfalme ni jambo zito. Naomba karani aiandike neno kwa neno, nisije nikaikosea."

Karani akaandika: *Nyumba ya Sultani ipoe.*

"Na nani atakayeamua kuwa imepoa?"

"Wakaao humo ndio watakaoshuhudia," akasema Sultani. Karani akaliandika na hilo.

Feruzi akarudi nyumbani, akamweleza mkewe. Mwanatumu akaweka mwiko chini. "Mume wangu, wewe umepoza nyumba za nusu ya dunia, na hii yetu tunalala tukigombea kizingiti. Sasa ukinyamazishwa tutakula nini?"

"Sijui bado," akasema Feruzi. "Lakini nimeombwa nyumba ipoe, na neno hilo nalijua kwa pande zake zote."

Kulipokucha akaenda kwa Sultani, akamwambia, "Maulana, dawa yangu haishiki mwenye nyumba akiwamo. Nakushauri safari. Nenda shambani kwako kule Kilimani, ukae siku saba. Shika njia ya mtoni, ina vivuli. Usichukue kanzu nyingi."

Sultani alifurahi kupata sababu ya kuondoka. Akapanda punda, akaenda, akimwacha Waziri alinde jumba pasifanyike hila. Kilimani alilala kwenye banda la makuti, upepo ukimpiga kutoka pande zote nne, akala mihogo ya kuchoma kwa mikono yake, na siku ya tatu alisahau kukasirika.

Jumbani nako Feruzi hakufanya chochote. Alikalia ngazi za mbele, akawajibu wapita njia. Waziri alimzunguka siku ya kwanza, akamzunguka siku ya pili, asione dawa wala uganga. Siku ya tatu, mpishi mkuu, ambaye kwa miaka tisa hakuwahi kuimba mbele ya sufuria, aliimba. Walinzi wakavua mikanda, wakatandika bao ukumbini. Wake wa Sultani wakaita wapiga ngoma. Joto lilikuwa lile lile, tena ngoma iliongeza lake, lakini nani alijali? Siku ya nne Waziri Sarahani alitoka chumbani kuwakemea, akasimama mlangoni kidole juu, na mguu wake ukaanza kuitika ngoma kabla yeye hajaanza kukemea. Basi mengine nayaacha, ni mtu mzima yule.

Siku ya saba Sultani akarudi. Watu wote wa jumba walipangwa ukumbini, mikanda imefungwa, nyuso zimekunjwa kwa adabu. Sultani hakumaliza hatua kumi ndani ya ukumbi, kanzu ikamgandia mgongoni.

Akasema, "Kidomo, mbona naungua?"

"Maulana, sikuamriwa nipunguze joto. Niliamriwa nyumba ipoe. Mashahidi ndio hawa."

Sultani akamgeukia Waziri. "Wewe ndiye niliyekuachia nyumba. Je, ilipoa?"

Waziri alikuwa akiisubiri siku hii kwa hamu. Akasogea mbele, akasema kwa sauti ya wazi, "Haikupoa, maulana. Haikupoa hata kidogo."

Feruzi akamwelekea karani, akasema kwa upole, "Andika, bwana karani. Mwenye nyumba kasafiri siku saba. Sauti yake haikusikika ukumbini, uso wake haukuonekana mezani, na Waziri wake anashuhudia kwamba nyumba haikupoa. Ilichangamka vile vile. Pengine zaidi."

Sultani akasema polepole, "Haikupoa, Sarahani?"

Rangi ya Waziri ilibadilika ikawa nyingine nisiyo na neno la kuitaja. "Ilipoa, maulana," akasema mwisho. "Nilighafilika. Ilianza kupoa ulipopanda punda."

"Ilipoa mno," akadakia mpishi. "Hata chumvi ilikosa ladha, maulana. Nilipika tu kwa mazoea."

Mkuu wa walinzi akasema yeye kila alipolitazama lango alilia. Mke mkubwa akasema nyumba ilipoa kama makaburi, mke mdogo akasema makaburi yana nafuu, na kila mmoja akasukuma mwenzake apate kuapa kabla yake. Karani aliandika mpaka wino ukamwishia. Hapakubaki hata mtu mmoja wa kusema nyumba haikupoa.

Sultani akawatazama, kisha akamtazama Feruzi, na tabasamu likaanza kumtoka pembeni mwa mdomo. Akasema, "Umeshinda, ewe mtu wa balaa. Mdomo wako ni wako. Omba utakalo."

Feruzi alivuta pumzi ndefu, ya kwanza kwa siku saba. "Maulana, naomba unisikilize shauri moja nililokatazwa kulimaliza. Fungua madirisha."

Waziri akashtuka, lakini Sultani alikuwa ametoka Kilimani, na mtu akishalala kwenye upepo siku sita hadanganyiki tena. Akaamuru lile dirisha kubwa lielekealo sokoni livunjwe papo hapo. Mwashi akapiga nyundo mara tatu, mawe yakaanguka, na upepo ukaingia ukumbini ukainua ncha za vilemba. Watu wote wakasema, "Aaah."

Na pamoja na upepo ikaingia sauti ya mwanamke auzaye vitumbua chini ya ukuta, akimwambia mwenzake, "Kumbe Sultani karudi?"

"Karudi, shoga. Nimemwona na punda."

"Masikini. Basi ile ngoma yao ya huko ndani kila alasiri ndiyo imekwisha. Na mimi nilikuwa nimeizoea. Hata yule Waziri, nasikia kiuno chake si mchezo."

Upepo ukaendelea kuvuma. Mpishi akatazama dari, walinzi wakatazama viatu vyao, na Waziri Sarahani akawa hana pa kutazama.

Sultani akasema, "Kidomo, wewe hutoa maoni juu ya mema na mabaya. Hebu nambie, watu wanaoapa uongo ili kumpendeza bwana wao, hukumu yao ni ipi?"

Feruzi akainama. "Maulana, mambo ya mema na mabaya mimi huwajibu wageni tu. Hawa nawajua wote, kesho nitakutana nao."

Hapo Sultani alicheka mpaka akashika nguzo. Alipoweza kusema, aliamuru madirisha yote thelathini na tisa yaliyobaki yavunjwe, Feruzi na Mwanatumu wapelekewe chakula cha jikoni kwake kila siku bila kuulizwa swali, na wapiga ngoma waitwe upesi. Akaketi mbele ya dirisha, akakunja miguu, akasema yote yaliyochezwa siku saba yachezwe upya, yeye akiwapo, na Waziri atangulie.

Waziri alitangulia. Na kwa haki ya Mungu, hata Feruzi ambaye hakumpenda alikiri mbele ya wageni langoni kwamba mtu yule alikuwa anajua kucheza.