Aliyeona Ukungu

Aliyeona ukungu na aseme ukungu. Nilimwambia hivyo mjukuu wangu Skola juzi, aliporudi kutoka shuleni akaanza kutusimulia, kwa mikono na macho, jinsi mwalimu wao wa hesabu alivyopigana na mkewe. Nikamuuliza, wewe ulikuwepo? Akasema hapana, ila alipita nje ya nyumba yao akasikia sahani zinaanguka. Haya, mtu ameteleza na vyombo vyake, wewe umeshavunja ndoa ya watu. Ndipo nikamtupia msemo huo, naye akanuna. Wenzake wawili wakaacha kupukuchua mahindi. "Bibi," wakasema, "huo msemo kila mtu hapa Lihanje anausema. Umetoka wapi?"

Nilitaka kukataa. Mdogo wangu Benaya alikuwa ameketi pale pale karibu na jiko la mkaa, blanketi mabegani, na habari hii ni yake. Lakini alikuwa anasinzia, nami nimechoka kuwaona watoto wakimcheka kwa jambo wasilolijua. Basi nikawaambia, methali hii haikuletwa na wazee wa kale. Ilianzia kwenye nyumba hii, mwaka ambao ligi ilichelewa, na mimi mwenyewe nina mkono wangu humo. Ilianza hivi.

Chumba cha uani wakati huo alikipanga kijana aitwaye Erasto Ngailo, mwandishi wa michezo wa redio ya mji wetu. Mkisikia mtu wa redio msidhani alivaa tai. Redio yenyewe ilikuwa vyumba viwili nyuma ya ghala la mbolea, na Erasto hakuwa hata ameajiriwa. Alikuwa kwenye majaribio, ameambiwa mwezi wa saba ndipo wataamua kama anafaa au arudi kwao akalime viazi. Aliitaka kazi ile kama mgonjwa wa homa anavyotaka maji. Asubuhi ungemkuta kwa kinyozi anauliza nani ameumia goti. Mchana yuko sokoni anahakikisha majina ya wachezaji, maana hapa ukikosea jina la mtoto wa mtu, mama yake atakufuata mpaka ofisini. Aliandika kwa penseli, kwa sababu baridi ikikaribia karatasi hulowa na kalamu ya wino hukataa kabisa. Daftari lake alilifunga kwenye mfuko wa nailoni pamoja na simu.

Koti hakuwa nalo. Alikuja mjini na sweta moja la shule, limetoboka viwiko. Benaya, aliyekuwa kipa wa timu yetu, alikuwa na koti zito la mtumba, wakawa wanalivaa kwa zamu kama watoto wa tumbo moja. Siku ya mechi lilikuwa la Erasto, kwani kipa akiwa golini koti la nini. Mechi ikiisha alimrudishia.

Sasa sikilizeni kazi yake ilivyokuwa. Simu wakati ule hazikushika mtandao uwanjani. Zilishika mahali pamoja tu, juu kilimani kwenye tangi la maji, mwendo wa dakika ishirini kupanda. Habari za michezo zilisomwa saa kumi na mbili kamili jioni, na mechi zetu, kwa kuchelewa kuanza, ziliisha karibu na saa hiyo hiyo. Kwa hiyo Erasto hakuwahi kuona mwisho wa mechi hata moja. Ikifika dakika ya sitini alifunga daftari, akapanda, na kule juu akaimalizia mechi kwa masikio. Alikuwa amezijua sauti za uwanja. Tukifunga sisi, kelele na ngoma hupanda pamoja. Tukifungwa, watu huguna kwa mara moja, halafu kimya. Anga likiwa safi aliona vijitu vikikimbia huko chini, akaongezea na macho. Alipatia mechi baada ya mechi, na watu wakamsifu kwamba kijana yule ana jicho.

Mara moja tu alishindwa, na alishindwa kwa kusema kweli. Ilikuwa mwishoni mwa Aprili, ukungu ukashuka mapema, hakuona wala hakusikia kitu. Akasema redioni, "Ndugu wasikilizaji, hapa nilipo naona ukungu tu. Matokeo nitawaletea kesho." Mji mzima ulicheka. Mhariri wake, Bwana Kilasi, akamwita.

"Tulikutuma mpirani au tulikutuma utabiri wa hali ya hewa?" akamuuliza. "Msikilizaji hali ukungu, Erasto. Anataka matokeo. Siku nyingine ukiona ukungu, baki nao huko huko."

Alirudi nyumbani hakula. Sokoni wakampa jina, wakamwita Bwana Ukungu. Hata mimi nilimwita hivyo nikimpa chai, nikidhani ni utani tu. Yeye alikuwa akitabasamu, halafu anatazama ndani ya kikombe.

Ligi ilitakiwa iishe kabla ya baridi, ila mwaka ule mvua zilikata barabara na mechi zikaahirishwa. Ya mwisho ikaangukia mwisho wa Mei. Mei ya hapa mnaijua. Majani ya viazi yanaamka meusi, yameunguzwa na umande ulioganda, na kufika saa kumi alasiri ukungu unatambaa kutoka bondeni mpaka milangoni. Tulihitaji sare tu ili tupande daraja, jambo ambalo timu ya Lihanje haikuwahi kulipata tangu iundwe. Mzee Luoga, mlezi wa timu, alikuwa na Land Rover, na siku hizo ndilo gari pekee lililolala mjini hapa. Alichinja mbuzi wawili, akaliegesha gari sokoni, akafungua redio yake kwa sauti. Akasema akisikia sare tu anakwenda kuwabeba vijana wake wakale kwake.

Benaya alipotoka nyumbani aliniambia, "Dada, leo pika kama wa harusini." Nikapika. Nilichinja jogoo niliyekuwa nikimlea kwa ajili ya Krismasi.

Saa kumi na mbili nikaongeza sauti ya redio. Nikamsikia Erasto, meno yanagongana kwa baridi. Hakusema ukungu. Alisema, "Ndugu wasikilizaji, dakika za mwisho hizi, Lihanje wamefungwa bao moja. Kipa Benaya Chaula ameduwaa na mpira umempita. Ndoto ya kupanda daraja imekufa mikononi mwake."

Sitawaficha wajukuu zangu, nilikasirika. Niliona aibu. Niliwaza kesho nitapitaje sokoni, mimi dada wa aliyeduwaa. Nikazima redio, nikafunika sufuria, nikatia komeo mlangoni.

Baada ya muda nikasikia miguu mingi uani, na mtu anagonga. Alikuwa beki wa timu, nilimjua kwa sauti.

"Dada Edina, fungua. Tumemleta Benaya."

"Mmemleta kwa nani?"

"Dada, ameumia."

"Na sisi tumeumia," nikasema. "Mwambieni akalale huko huko golini, si ndiko alikolala."

Nilisikia mtu anahema kwa shida. Beki akasema, "Tupe hata blanketi." Komeo nikaliacha lilipo. Nilisikia miguu ikiondoka, inakwenda upande wa sokoni kwa haraka, nami nikajiambia wameona haya wamekwenda zao.

Skola alikuwa ameacha mahindi yake sakafuni. "Bibi, kwani alikuwa ameduwaa kweli?" akauliza.

Nikamwambia, ngoja. Kweli yenyewe walituambia baadaye beki na refa, waliokuwa hatua chache kutoka golini. Mshambuliaji wa wageni alibaki peke yake na Benaya. Benaya akatoka, akajitupa miguuni pake, akaudaka mpira, na kichwa chake kikapokea goti la yule mtu na kisha kikagonga nguzo ya goli. Watu wa karibu waliguna wote kwa pamoja, halafu kimya. Kilimani, Erasto akasikia watu wameguna, halafu kimya. Refa alipiga filimbi ya mwisho mpira ukiwa bado kifuani kwa Benaya. Ilibidi wamfungue vidole kimoja kimoja ndipo ukatoka. Ilikuwa sare. Tulikuwa tumepanda daraja, na hakuna aliyeshangilia.

Walimbeba mabegani, wamemfunika jezi zao, wao wenyewe vifua wazi kwenye ukungu ule. Nyumba yetu ndiyo ilikuwa ya kwanza njiani. Walitaka blanketi, na walitaka mimi nikae naye wakati wanakwenda kuita gari. Nilipokataa wakaenda naye moja kwa moja sokoni. Sokoni walikuta alama za matairi. Mzee Luoga alikuwa amesikia redio kama mimi, akasema hao hawastahili hata mchuzi, akawasha gari akaenda zake kwenye shamba lake la mbao, huko ambako simu ilikuwa haishiki. Hospitali ya wilaya iko mwendo wa saa mbili kwa gari. Kwa miguu, na mtu mabegani, na ukungu, hakufiki mtu.

Wakamlaza zahanati. Mganga pale alikuwa na vidonge vya maumivu na bandeji. Erasto aliteremka kilimani akishangaa mbona watu anaokutana nao njiani wanamwangalia vile. Alipoambiwa alikimbilia zahanati. Alivua lile koti akamfunika nalo Benaya, mwenye koti, akakaa chini akamshika miguu. Ndivyo nilivyowakuta nilipokwenda alfajiri, baada ya jirani kuja kunieleza. Benaya alikuwa hanijui tena. Lori la mbao lilipopita asubuhi ndilo lililombeba. Daktari wa wilaya alimpima, akatutazama mmoja mmoja, akasema maneno mawili, "Mngemleta jana."

Siku ile ile redio ikampa Erasto dakika moja asahihishe matokeo. Bwana Kilasi alimwandikia cha kusoma. Hakukisoma. Alisema, "Jana niliwaambia wamefungwa. Sikuona bao. Niliona ukungu, na ningesema ukungu." Akainuka kwenye kiti, akatoka, na hakurudi redioni tena.

Mwanzoni watu waliyafanyia mzaha maneno hayo. Walevi waliyasema vilabuni, watoto wakayaimba njiani. Kisha siku moja kwenye baraza la kata mtu mmoja alikuwa akitoa ushahidi wa ng'ombe aliyeibwa, anasema nadhani, nilisikia, itakuwa ni fulani. Mzee mmoja akamkatiza, akamwambia aliyeona ukungu na aseme ukungu. Baraza halikucheka. Tangu hapo ndivyo msemo huu unavyosemwa.

"Na Erasto?" wakauliza wale wawili.

Alikuja kwangu kunitaka radhi. Nikamwambia, umemuua mdogo wangu akiwa hai. Akasema, "Najua, dada." Nilimwambia mengi siku ile, mengine hayasemeki mbele yenu. Hakuniuliza mlango ulifungwa na nani. Angeweza kuniuliza, na alijua. Alibaki hapa baridi yote, Juni, Julai, Agosti, anamwogesha Benaya, anamlisha uji, anavaa lile sweta lake la shule. Desemba nikaamka nikakuta chumba kimefagiliwa na koti liko msumarini. Hakuna anayejua alikokwenda. Koti ni lile mnalofunikia viazi.

Tuligeuka wote tukalitazama. Hapo ndipo Benaya alipozinduka. Alinitazama kwa yale macho yake, akauliza anachouliza kila siku tangu mwaka ule, lile swali ambalo watoto hulicheka na kuliigiza.

"Nilidaka?"

Hakuna aliyecheka. Skola alifuta mikono kwenye sketi, akaenda kuchuchumaa mbele yake. "Babu," akasema, "mimi sikuwepo. Ila waliokuwepo wanasema mpira waliutoa mikononi mwako."

Benaya akaitazama mikono yake. Kisha akanigeukia mimi. "Dada, na wewe uliniona?"

Miaka yote hii nimekuwa nikimjibu, ndiyo, Benaya, nilikuona, ulidaka vizuri. Ilikuwa rahisi, na ilimfanya alale. Lakini watoto watatu walikuwa wananitazama, na msemo nimeutoa mwenyewe kinywani.

"Sikukuona," nikamwambia. "Nilikuwa ndani. Walikuleta mpaka hapa mlangoni, Benaya, wakaniomba blanketi, nami sikufungua. Nilichokiona mimi siku ile ni komeo."

Nililia, mbele yao. Benaya alitikisa kichwa polepole, kama anavyokubali kila kitu, uji, dawa, jua, mvua. Akavuta blanketi lake. Nikasubiri aseme neno, hata tusi.

"Nilidaka?" akauliza.

Skola aliokota gunzi lake, akaendelea kupukuchua. Baadaye kidogo nikamsikia akisema peke yake, bila kunitazama, "Aliyeona ukungu na aseme ukungu."