Mbuzi wa Kokwijuka na Senene wa Angani

"Hadithi hii ni kweli tupu, kuanzia pembe hadi kwato. Kama ina neno moja la uongo, Meneja na aingie chunguni leo hii."

Ndivyo alivyoapa Ta Rwechungura, mzee aliyestaafu kazi ya kupakia mizigo bandarini, na ambaye tangu astaafu alikuwa akipakia maneno tu. Meneja alikuwa jogoo wake, mwekundu, mwenye majivuno, anayetembea uani kama anakagua wafanyakazi.

Walioapiwa ni Advera na kaka yake Projestus, vijana wa jirani. Walikuja kumwomba Ma Adelina, mke wa mzee, awaazime jenereta ya kuwashia taa za kunasia senene, wale panzi watamu wanaoshuka kutoka angani mvua za vuli zikikolea. Malipo, walisema, yatakuwa ndoo mbili za senene, wakishanaswa. Ma Adelina alikuwa akimenya ndizi. Hakuinua hata kichwa.

"Senene wa angani hauzwi na mmoja," alisema, akaendelea kumenya.

Vijana wakatazamana, kisha wakamgeukia mzee wamuulize neno hilo limetoka wapi.

"Chimbuko lake ni kijiji cha Rwamigongo," alisema Ta Rwechungura, "na aliyelisema kwanza ni mjane aliyeitwa Kokwijuka. Kaeni chini. Mambo yalianza hivi."

Zamani hizo hakukuwa na jenereta wala taa. Senene waliokotwa alfajiri, umande ungali unawalemea mabawa. Mke aliyemletea mumewe senene alivishwa gauni jipya, na asiyevishwa, kijiji kizima kilijua. Sasa mwaka mmoja walishuka kwa wingi hata majani ya migomba yakakatika kwa uzito wao. Mbwa walisusa mifupa. Watu wa Rwamigongo waliwala hadi mguu wa mwisho, hakubaki hata wa kuweka akiba, na walipokuwa wakilamba vidole wakaamini kwamba mwakani watashuka mara mbili ya hapo.

Kokwijuka hakuwa na nafasi ya kulamba vidole. Mumewe alikuwa amefariki bila kumwachia mtoto wa kiume, na shemeji yake, Kaijage, alikuwa akikidai kibanja: migomba, mibuni, na nyumba iliyo katikati yake. Baada ya maneno mengi, Kaijage alikubali kumwachia kwa mbuzi wanane kabla ya mwaka kwisha. Kokwijuka alikuwa na wanne. Kila jioni aliwatazama wale wanne kama mtu anayejifunika shuka fupi: akivuta juu, miguu nje, akivuta chini, kifua nje.

Hapo ndipo alipotokea Mutashobya. Kijana mtanashati, ulimi asali, ila mikono yake hakuna aliyewahi kuiona imeshika jembe. Alikuwa anatafuta mahari.

"Ma Kokwijuka, waitu, nakusihi, nipe mbuzi mmoja tu. Senene wakishuka nakuletea debe."

"Debe moja kwa mbuzi? Hiyo ni bei ya mtu mwenye kikapu. Wewe hata kikapu huna."

"Basi madebe mawili."

Kokwijuka akapiga hesabu. Madebe mawili sokoni yalikuwa mbuzi wawili. Aliitazama ile mikono laini, akatazama kibanja chake, kisha, bila yeye mwenyewe kujua vizuri anafanya nini, akainama kumfungua mbuzi. Mutashobya akachana kamba ya mgomba, akapiga mafundo mawili, akamkabidhi kwa heshima zote. Fundo moja, debe moja.

Siku chache baadaye alirudi. Kokwijuka akampa mbuzi wa pili. Kisha wa tatu. Na wa nne, ambaye alikuwa na mimba, alimtoa akiwa amegeuza uso pembeni. Zizi likabaki tupu, lakini juu ya kitanda chake zikaning'inia kamba zenye mafundo manane, naye usiku alizigusa akalala kwa raha.

Kijiji kilikuwa na macho. Muuza pombe akaanza kupokea kamba badala ya kuku. Seremala akatengeneza milango kwa kamba. Watu walipiga mafundo mpaka migomba ikabaki uchi, na kamba ilipotoka mkono huu ikaingia mkono ule, hakuna aliyeuliza nani aliyeifunga. Hata Kaijage, Kokwijuka alipompelekea mafundo yale manane badala ya mbuzi, alicheka hadi gego la mwisho likaonekana.

"Shemeji, wewe una akili! Mbuzi anakula majani na kuharibu migomba ya watu. Kamba haili kitu. Kibanja ni chako." Moyoni alikuwa akipiga hesabu kwamba senene wa mwanzo wa msimu huwa ghali, na kila debe litampa mbuzi, na kuku juu yake.

Mvua za vuli zikaja. Alfajiri ya kwanza Rwamigongo wote walitoka na vikapu, wakaimba. Nyasini kulikuwa na umande tu. Alfajiri ya pili waliimba kidogo. Baadaye walikuwa wakitoka kimya, wamejifunika mashuka, kila mmoja akitazama juu na kuogopa kumtazama mwenzake. Ikasemekana upepo umewapeleka senene ng'ambo ya ziwa. Mwaka ule Rwamigongo hakushuka hata mmoja, hata wa kumwonjesha mgonjwa.

Muuza pombe akafunga kilabu. Bibi harusi wa Mutashobya akarudishwa kwao na wajomba zake, kwa kuwa mbuzi wa mahari walikwisha kuliwa harusini na salio lilikuwa kamba tupu. Seremala akapita nyumba hadi nyumba kung'oa milango. Na Kaijage akafika kwa Kokwijuka na fimbo yake.

"Shemeji, funga mizigo. Kamba zako nimewapa mbuzi, na hata mbuzi wamezikataa."

Kesi ikaenda kwa mkuu wa kijiji, mzee mnene aliyesikiliza mashauri huku akitafuna senene wa kukaanga kutoka kwenye kibakuli, mmoja mmoja, bila haraka. Uwanja ulijaa. Vidole vyote vilimwelekea Mutashobya.

"Mwizi!"

"Mlaghai! Anyang'anywe hata shati!"

"Nilivunja zizi la nani?" aliuliza Mutashobya. Ulimi ulikuwa bado na asali. "Nilisema senene wako angani. Kila mtu alitazama juu, akaona mawingu, akafungua mbuzi. Mnataka niwalipie na macho yenu?"

Kokwijuka naye alikuwa na neno "mwizi" mdomoni, tayari. Lingekuwa rahisi kulitema. Lakini aliona lilikoelekea: lawama zote zikimwangukia mtu asiye na kitu, zitakuwa zimeanguka shimoni, na yeye ataondoka kibanjani na vyungu vyake kichwani. Akalimeza. Akasimama.

"Mutashobya amekosa," alisema. "Na mimi nimekosa. Nilijua hana kikapu. Ningemwamini, ningetaka debe moja. Nilitaka mawili kwa sababu sikumwamini, nikadhani lile debe la pili litanikinga na uongo wa lile la kwanza."

Muuza pombe akatazama miguu yake.

"Na wewe, shemeji. Kamba zile ulijua zimetoka kwa nani?"

"Nilijua," alisema Kaijage.

"Mbona ulizipokea?"

Kaijage akaitazama fimbo yake kama vile ndiyo iliyoulizwa. "Kila mtu alikuwa anapokea."

"Basi usinifukuze mimi peke yangu. Senene wa angani hauzwi na mmoja. Yuko aliyeuza, yuko na aliyenunua, na wote walitazama juu kwa kupenda kwao."

Mkuu wa kijiji alitafuna, akameza, akafuta mdomo.

"Kaijage, ulipokea macho yako yakiwa wazi. Nusu ya mbuzi wako imekwenda na upepo. Kokwijuka, nusu nyingine utailipa polepole, na kibanjani hutoki. Mutashobya, utalima kwenye kibanja cha huyu mama mpaka mbuzi hao wapatikane." Wanasema siku jembe lilipokabidhiwa mikononi mwa Mutashobya, lililoshangaa zaidi ni jembe.

"Na Kokwijuka alizeekea pale pale," alimalizia Ta Rwechungura, akijinyoosha kwa kuridhika. "Kweli tupu."

Advera alikuwa ameinamisha kichwa upande. "Ta, senene wa mwaka wa kwanza waliliwa wote?"

"Hadi mguu wa mwisho, binti yangu."

"Na mwaka wa pili hakushuka hata mmoja?"

"Hata wa kumwonjesha mgonjwa!"

"Sasa mkuu wa kijiji alikuwa anatafuna nini?"

Uani, Meneja akasimama kwa mguu mmoja.

"Wale... wale aliletewa kutoka ng'ambo ya ziwa," alisema mzee.

"Kwa kamba gani?" aliuliza Ma Adelina.

Projestus alicheka mpaka akashika ukuta. Mzee akainuka kwa heshima ya mtu aliyeshindwa, akamfukuza Meneja kuuzunguka mbuni mara kadhaa, akamkamata, na kisu kikafanya kazi yake. Hata hivyo, alipoketi kunyonyoa, aliinua kidole chenye manyoya.

"Hukumu ni hukumu. Mimi nimeuza uongo, ninyi mmenunua, tena Projestus alinunua huku ametoa macho. Hasara ni nusu kwa nusu. Paja moja na firigisi ni zangu."

"Haya," alisema Ma Adelina. "Nyonyoa kwanza." Akawageukia vijana. "Vikapu mnavyo?"

"Tunavyo, Ma. Na mabati ya kuwatelezesha, na mapipa ya kuwapokea. Tumekwisha kuyasimamisha kilimani."

"Chukueni jenereta. Mtaniletea ndoo moja."

"Tulisema mbili," alisema Advera.

"Ndiyo maana niliwakatalia. Moja inatosha. Na wasiposhuka, sitakuja kwenu na fimbo, wala ninyi msije kwangu na machozi." Akatupa ndizi ya mwisho chunguni, karibu na mahali alipoachiwa Meneja. "Senene wa angani hauzwi na mmoja."