Kinu Kitupu cha Siwema

Haya wanangu, masikio mnayo? Basi yaleteni hapa.

Zamani mazimwi yaliuzingira mji mkuu wa Maliki, ikawa hakuna wa kutoka wala wa kuingia. Ukuta ulisimama kwa uchawi: kinu cha Siwema kikilia, haubomoki. Nafaka ilipokwisha, Siwema alitwanga kinu kitupu, mwanawe mgongoni.

Siku ya kwanza zimwi likaita, "Dada Siwema, pumzika kidogo!" Akatwanga, du, du, du.

Siku ya pili likaita, "Mikono imevimba, mwenzetu!" Akatwanga, du, du, du.

Siku ya tatu akaja Maliki mwenyewe na askari wake, njaa imembana.

"Unatwanga nini? Umetuficha unga!"

"Sina unga, bwana wangu. Nauzuia ukuta wako usianguke."

"Mwongo mkubwa! Mnyang'anyeni mchi, nione."

Maliki akainama, akachungulia.

"Kumbe kweli kitupu," akasema, na ukuta ukaanguka.

Siwema akakipindua kinu juu ya mwanawe, akakikumbatia, akakipiga kwa ngumi, du, du, du, mpaka mazimwi yaliposhiba mji mzima yakaondoka.

Ndiyo maana mtoto akisikia kinu, hulala. Hadithi nimeiacha kinuni. Aitakaye aje na mchi wake.