Alama ya Sifuri kwenye Mkia wa Chatu

Paukwa!

Pakawa.

Palikuwa na chaki.

Ikaandika.

Palikuwa na kifutio.

Kikafuta.

Palikuwa na jina la mtoto wa watu.

Mbona kimya? Itikieni: likafutwa. Haya, sogeeni. Na wewe mwenye muwa acha kutafuna, hadithi hii haitaki kelele.

Zamani wanyama walikuwa na sekondari yao huko milimani, kwenye mawe meupe ya chokaa, ambako ukungu hupanda asubuhi na hauna haraka ya kuondoka. Jiografia ilifundishwa na walimu wanne. Kulikuwa na Kanga, kulikuwa na Ngiri, kulikuwa na Pimbi, yule mdogo asiye hata na mkia. Na juu yao kulikuwa na mkuu wa idara, Chatu.

Chatu Jiografia hakuijua. Kaskazini hakuijua, kusini hakuijua, ramani aliitazama kichwa chini miguu juu. Lakini alikuwa mkubwa, na mahali pengine ukubwa nao ni cheti. Alikaa ofisini ameizunguka meza ya walimu mara mbili, na wenzake wakasahihisha madaftari wakiwa wameegemea mgongo wake, maana kiti kingine hakikuwepo.

Kila Ijumaa alisema, "Kushirikishana, walimu wenzangu. Sss. Kushirikishana."

Basi Kanga anatoa andalio lake la somo, Chatu ananakili. Ngiri anatoa lake, Chatu ananakili. Pimbi anatoa lake, Chatu ananakili. Kalamu aliishika kwa ncha ya mkia, kwaru kwaru, kwaru kwaru, neno kwa neno. Na yeye alishirikisha nini? Msiniulize mimi.

Na kwa kuwa hakujua kitu, alifundisha kwa kufuata karatasi. Karatasi ikisema mwalimu aulize swali, anauliza. Ikisema mwalimu achore mto, anachora mto. Siku moja Kanga alikuwa na mafua, akajiandikia pembeni mwa andalio lake, "saa nne kunywa dawa". Chatu akanakili. Saa nne, mbele ya darasa zima, Chatu akanywa dawa.

Kulikuwa na desturi nyingine pale, nanyi msicheke, mnaijua. Ile sehemu ya mwisho ya andalio, ya tathmini, waliijaza kabla ya somo lenyewe. Jumapili jioni mwalimu anaandika "somo limefundishwa na wanafunzi wameelewa", anatia saini, analala. Mkaguzi akitokea ghafla, karatasi imejaa. Nani husoma tathmini? Hakuna anayesoma.

Sasa sikilizeni kidato cha pili. Walikuwa wanafunzi arobaini. Siku moja Chatu alipomaliza kipindi, Pimbi akaingia kufundisha chake, akakuta dawati moja tupu. Daftari lilikuwa wazi. Penseli ilikuwa bado inabingirika juu ya dawati, kirikiri, kirikiri, ikaanguka.

"Tunu yuko wapi?" Pimbi akauliza. Tunu alikuwa mtoto wa Digidigi. Wanafunzi wakatazama chini.

Akafungua daftari la mahudhurio. Walioandikishwa thelathini na tisa. Waliohudhuria thelathini na tisa. Pale palipokuwa na jina la Tunu karatasi ilikuwa imesuguliwa hadi ikawa nyembamba, ukiweka kidole unakiona upande wa pili.

Akaenda ofisini. "Mkuu, Tunu yuko wapi?"

"Tunu yupi?" akasema Chatu.

Wiki nyingine akapotea Hamadi, mtoto wa Kware. Walioandikishwa thelathini na nane, waliohudhuria thelathini na nane. "Mkuu, Hamadi yuko wapi?" "Hamadi yupi?" Akapotea Sikujua, mtoto wa Nguchiro. Thelathini na saba kwa thelathini na saba. "Sikujua yupi?"

Wazazi walikuja. Wakaonyeshwa daftari, na daftari halikuwa na kosa. Mama yake Tunu aliondoka akihesabu watoto wake kwa vidole, anafika mwisho, anaanza upya, hana hakika tena alizaa wangapi. Pimbi alimtazama hadi akamezwa na ukungu. Aliona aibu, kwa sababu na yeye alikuwa amenyamaza.

Hadi wakabaki thelathini na mmoja kwa thelathini na mmoja.

Ijumaa moja Chatu akamwita.

"Shikamoo, mkuu."

"Marahaba, Mwalimu Pimbi. Jumatatu nina kidato cha pili. Nataka uniandalie somo la nje, mahali penye utulivu."

"Mada gani, mkuu?"

"Yoyote. Ila uweke na nafasi ya kumsaidia mwanafunzi mmoja, peke yake."

"Mwanafunzi yupi?"

"Siwema," akasema Chatu, na ulimi ukatoka, ukarudi.

Siwema alikuwa mtoto wa Pimbi, wa pekee, wa kwanza na wa mwisho. Pimbi akaiweka kalamu chini. Akamtazama Kanga, Kanga akageukia dirishani. Akamtazama Ngiri, Ngiri akaingiza kichwa kwenye droo kana kwamba amepoteza kitu.

"Sawa, mkuu," Pimbi akasema. Chatu hakushangaa, maana wote husema sawa.

Pimbi hawezi kupigana, jamani, hebu mtazameni. Lakini mawe anayajua kuliko mtu anavyojua chumba chake. Jumamosi akachukua rula na kamba, akaenda kwenye pango lililo nyuma ya shule. Lilikuwa na mdomo mmoja tu. Ukiingia, njia inakata kushoto, inakata kushoto tena, inauzunguka mwamba wa katikati, inakurudisha pale pale mdomoni. Akapima kwa hatua zake: sitini. Akachora ramani, akaweka skeli. Kisha akarudi ofisini, akaipima meza ya walimu, ile ambayo Chatu huizunguka mara mbili kasoro kidogo. Mzunguko mmoja, hatua thelathini. Akapiga hesabu, akaifuta, akapiga tena, jibu likawa lile lile: sitini kasoro kidogo. Akakaa chini akaandika andalio la somo, na usiku huo hakula kitu.

Jumatatu ukungu ulikuwa mzito. Chatu akalinakili andalio lote, kwaru kwaru, hatua zote, na tathmini pia. Akatia saini. Kidato cha pili wakapanga mstari mbele ya pango, na Pimbi akasimama kando kama mwalimu msaidizi.

Chatu akasoma. "Hatua ya kwanza. Mwalimu awasalimie wanafunzi. Hamjambo?"

"Hatujambo."

"Hatua ya pili. Kila kipimo kina mwanzo, na mwanzo ni sifuri. Siwema avue sweta lake, alifunge kwenye mkia wa mwalimu, liwe alama ya sifuri."

Siwema akavua sweta. Mkia ule ulikuwa umelala kwenye majani, unajikunja polepole wenyewe. Akamtazama mama yake, Pimbi.

"Funga mafundo mawili, mwanangu," akasema.

Siwema akafunga mawili.

"Hatua ya tatu," Chatu akasoma. "Mwalimu aingie pangoni peke yake, apime urefu wa njia kwa mwili wake. Afuate ukuta wa kushoto. Asigeuke nyuma, kipimo kisiharibike. Hatua ya nne. Siwema atapita njia ya mkato, amsubiri mwalimu kwenye kona ya mwisho, gizani." Akamwinamia Pimbi, akasema kwa sauti ya chini, "Unajua kupanga, mwalimu. Sss."

Njia ya mkato haikuwepo, lakini asiyejua ramani atajuaje? Akaacha karatasi na daftari la mahudhurio kwenye majani. Akaingia. Kwaruu, kwaruu, kwaruu. Mwili ukaingia, ukaingia, ukaingia, watoto wakachoka kuutazama. Pimbi akamvuta Siwema nyuma yake, akalaza sikio juu ya jiwe. Pimbi husikia kupitia mawe.

Akamsikia Chatu anakata kushoto. Akamsikia anakata kushoto tena. Akaisikia sauti yake ikija kutoka chini ya miguu yao, "Siwema... Siwema..." Nje, lile sweta likavutwa juu ya majani, sssrr, likapita mdomoni mwa pango, likapotea gizani.

Kisha ile kwaruu ikakoma.

"Nimekunusa," sauti ikasema. "Umekaa vizuri hapo hapo."

Gwi!

"Mbona wa baridi? Ni woga huo. Waoga hupoa." Gwi! Gwi! "Aa, nani ananiuma mkia? Kuna kitu nyuma yangu kinaniuma. Ngoja nimmalize huyu kwanza, nikageukie kile." Gwi! Gwi! Gwi!

Na meno ya chatu yameelekea ndani. Alichokianza hawezi kukitema, hata akitaka. Alivyoumia ndivyo alivyoharakisha, na alivyoharakisha ndivyo alivyoumia. Pimbi akasikia lile duara chini ya mawe linapungua. Likawa kama meza. Likawa kama sinia. Likawa kama bangili. Gwi, kwa sauti ndogo sana. Halafu kimya.

Hakuna aliyeingia kutazama kilichobaki. Nami siwaambii, kwa sababu sijui.

Saa sita akaja Tembo, mkuu wa shule, kuwatafuta. "Mkuu wa idara yuko wapi?" akauliza. Pimbi akampa karatasi. Tembo akavaa miwani, akasoma hatua ya kwanza mpaka ya nne, akafika kwenye tathmini. Ilisema: "Somo limefundishwa na limeeleweka. Wanafunzi wote wamehudhuria. Mwalimu hakutoka." Chini yake kulikuwa na saini ya Chatu, na mwandiko ulikuwa wa Chatu. Tembo akaisoma mara tatu.

"Basi alipanga mwenyewe," akasema, akapiga muhuri. "Turudini darasani."

"Bado mahudhurio, mwalimu mkuu," akasema Pimbi.

Akaliokota daftari la mahudhurio kwenye majani, akalifungua, akaanza kuita. Thelathini na mmoja wakaitika, mmoja mmoja, nipo mwalimu, nipo mwalimu. Siwema akaitika bila sweta, meno yakigongana. Pimbi hakulifunga daftari. Akapeleka kidole mahali pa kwanza ambapo karatasi ilikuwa nyembamba.

"Tunu Digidigi."

Ukungu haukusogea. Watoto wakatazamana, maana jina hilo hakuna aliyethubutu kulitamka tangu siku ile. Halafu kutoka pangoni, mbali, kwa sauti ya mtoto aliyeamshwa usingizini:

"Nipo, mwalimu."

Tembo akarudi nyuma hatua moja, kofia ikamdondoka, akaikanyaga.

"Hamadi Kware."

"Nipo, mwalimu."

"Sikujua Nguchiro."

"Nipo, mwalimu."

Akaita tisa. Wakaitika tisa. Hakuharakisha hata mmoja, na kila alipoita aliandika jina upya kwa wino, taratibu, ili karatasi isitoboke. Alipomaliza la tisa ndipo akalia, na hakujificha. Kisha akajipangusa, akajaza chini ya ukurasa: Walioandikishwa arobaini. Waliohudhuria arobaini.

Na funzo la hadithi hii, walimu na watoto, ni kwamba kunakili ni kuzuri sana. Mwalimu bora hasomi anachokitia saini, haulizi njia, na akiona kitu cha baridi gizani anakimeza kwanza, kufikiri baadaye. Fanyeni hivyo hivyo, mtafika mbali, tena kwa ukuta wa kushoto.

Hadithi yangu nimeiacha mdomoni mwa pango; sikuingia, nanyi msiingie. Ikiwa tamu, gawaneni sawasawa. Ikiwa chungu, nirudishieni, nikaisahihishe. Na kabla hamjaondoka hapa, kila mmoja amguse aliyekaa karibu naye, amwite jina, asikie kama ataitika.